Walipompima Mama Yako

Vero mwanangu,

Umeenda na mjomba wako kuaga kaburi, mimi nimebaki kulinda mizigo. Nimekaa juu ya sanduku letu la bati hapa kwenye gare, kituo cha treni, mgongo ukutani, na karatasi nimeiweka juu ya sufuria niliyoipindua. Mvua imenyamaza kidogo. Wanasema treni itaondoka kesho asubuhi, na safari hii nasadiki, maana nimeona kwa macho yangu watu wakifagia mabehewa.

Sikuandikii habari za kuvaa sweta wala kuchemsha maji ya kunywa. Mjomba Kabongo ni mtu mzima, atakukumbusha. Nakuandikia kwa sababu juzi alfajiri, ulipodhani nimelala, nilikuona ukijifunga kitambaa tumboni. Ulikivuta mpaka machozi yakakutoka, kisha ukavaa blauzi juu yake na kujitazama ubavu. Nilitaka kusema neno, sikulipata. Wewe unanijua, miaka yote nimechomelea vyuma, na mdomo wangu haujazoea kazi nyingine. Basi nimemwomba katekista karatasi, nikuambie humu.

Nitaanza mbali kidogo, univumilie.

Nilipomuoa mama yako alikuwa mwembamba. Hilo hukuwahi kulijua, kwa sababu picha zote ulizoziona ni za baadaye. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye Kapinga alizaliwa hapahapa Kolwezi. Kasai alikuwa anaisikia tu kwenye mazungumzo ya wazee. Nilimpeleka Musumba, kijijini kwetu hukuhuku Katanga, kumwonyesha kwa mama yangu, bibi yako mzaa baba. Mama akamzunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

“We mutoto, umetuletea fimbo,” akaniambia mbele yake. “Kule Kolwezi hamukulaka?”

Wanawake wakacheka. Mama yako naye akacheka, kwa adabu ya ugeni. Lakini tuliporudi, siku nzima juu ya lori alijifunika kitenge mpaka shingoni, na mimi nikaapa moyoni kwamba nitamlisha mpaka kijiji kinyamaze. Wakati ule kazi ilikuwa kazi. Posho ilitoka kila juma: unga, maharagwe, samaki wa chumvi, mafuta ya mawese. Nilikuwa nakaa mbele yake namwambia ongeza, ongeza tena. Nilidhani huo ni upendo, na upendo ulikuwamo, sikatai. Ila zaidi nilikuwa nawajibu watu wa kwetu, na jibu langu nililiandika juu ya mwili wa mtu mwingine.

Ulipozaliwa wewe, mikono yake ikajaa, shingo ikapata mikunjo, na hatua yake ikawa nzito na ya taratibu. Alikuwa mzuri, Vero. Kwenye harusi alipoinuka kucheza, wapiga ngoma walikuwa wanamwangalia yeye kujua wafanye nini. Ulilala juu ya tumbo lake mpaka umri ambao watoto wengine wanaona haya. Na pale kambini kwa wafanyakazi wa mgodi kila mtu alinisalimu mimi: “Baba Vero, unalisha!” Mimi ndiye niliyesifiwa. Jumapili tukienda misa Manika nilimwacha atangulie, mimi nyuma, mikono mfukoni, ili watu wamwone kwanza yeye, halafu waone ni wa nani.

Na tuliwacheka wembamba. Hilo nalo ulijue. Unamkumbuka Josefina, jirani yetu wa nyumba ya kona, mke wa yule mchimbaji. Yeye hata ale nini hakujaza nguo. Siku moja tukinywa bia uani nilisema kwa sauti kwamba upepo ukivuma vizuri Josefina tutaenda kumwokota mbali kule Tenke. Watu walicheka mpaka wakamwaga pombe. Yeye alikuwa upande wa pili wa ua wa matete, anaanika nguo. Nilimwona akisimama kidogo, halafu akaendelea kuanika. Mama yako alinikaripia siku ile, na kesho yake akampelekea sahani ya sombe, majani ya mihogo aliyoyapika mwenyewe. Mimi sikupeleka kitu.

Wewe nilikuita Kagunia, kigunia changu, kwa jinsi ulivyokuwa umejaa. Ulikuwa unaitika ukikimbia.

Halafu mgodi ukaanza kufa. Kwanza posho ilichelewa, kisha ikapungua, kisha kantini ikafungwa na nyasi zikaota mlangoni pake. Mshahara ulipokuja ulikuwa karatasi zisizonunua hata chumvi. Kambi nzima ikakonda. Wenzangu wa karakana walitoboa matundu mapya kwenye mikanda yao, na mimi vilevile.

Mama yako hakukonda. Sijui kwa nini, hata yeye hakujua. Alikula tulichokula sisi, tonge la bukari mara moja kwa siku na matembele ya chumvi tupu, na mara nyingi alikusukumia wewe fungu lake. Mwili wake ulikataa tu kuonyesha njaa. Bibi yako mzaa mama alikuwa vilevile, waliomjua wanasema.

Wakati huohuo wakubwa wakaanza kusema kwenye mikutano kwamba njaa yetu ina wenyewe. Watu wa Kasai ndio waliokula, walisema, tangu siku za baba zao. Wakawaita bilulu, wadudu wanaomaliza shamba. Neno hilo la kula likatembea mji mzima, na kila mtu akaanza kumtafuta mlaji. Mlaji anaonekanaje? Hawakuhitaji kwenda mbali. Mama yako alikuwa anapita barabarani kila asubuhi na beseni lake la mboga.

Ya pale depo ya mahindi uliyaona mwenyewe. Nayaandika hata hivyo, kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kuyataja, na jambo lisilotajwa nadhani linaendelea kukua. Vijana walikuwa wamekaa mbele ya depo, pale penye mizani kubwa ya magunia. Mmoja akaita:

“Mama munene! Kuya hapa! Tupime mahindi yetu yote yenye ulikula!”

Ulikuwa umeshika pindo la kitenge chake. Angeweza kurudi nyuma, ila walikuwa wameshamzunguka. Waliokuwapo waliniambia alitua beseni, akakuambia, “Vero, shika bintu,” kisha akapanda mwenyewe, kabla hawajamsukuma. Kijana akasogeza vyuma vya mizani, akapiga kelele: “Gunia mbili! Na kanusu!” Watu wakacheka, wauzaji, wanunuzi, hata wale waliokuwa wamenunua matembele yake muda mfupi kabla.

“Munamaliza?” akawauliza.

“Bado. Sema kwanza, ulikula ya nani?”

“Huu mubiri ni wa mama yangu, na wa mama yake. Bengi benu mulikuyaka kwangu kula sombe, mungali batoto. Siku ile mulinipima?”

Yule kijana akatema mate kwenye beseni. Na katikati ya kicheko chote kile, mama yako akamwona Josefina, mkono mdomoni, naye akicheka.

Alipofika nyumbani hakulia. Alikaa juu ya kigoda, akavua viatu, akasema, “Josefina naye.” Basi. Mimi nilijua Josefina alikuwa anacheka nini. Kicheko kile kilitoka kwenye ua wa matete, nilikipanda mimi, na aliyekivuna ni mwanamke pekee aliyewahi kumpelekea sahani. Tangu siku ile sikukuita tena Kagunia. Labda ulishangaa.

Nilikwenda kwa baba wa yule kijana. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja, tukila kwenye bakuli moja wakati wa zamu. Nilitaka ugomvi. Yeye akanipa kiti, akaongea nami kwa upole, na upole ule ndio ulioniangusha.

“Baba Vero,” akasema, “weye ni wetu. Hakuna mwenye atakugusa. Lakini bibi yako, umuambie apungue kidogo. Akipitaka hapa, njaa inatuuma sana.”

Nilipaswa kuinuka. Badala yake nilishukuru, nikayabeba maneno yale mpaka nyumbani kama mtu anayeleta mkate. Tulikuwa tumekaa kula, watatu. Nikasema:

“Mama Vero, jaribu kupunguza kidogo. Kwa macho ya watu tu.”

Alikuwa ameshakata tonge. Akalizungusha kwenye vidole, akalirudisha kwenye sahani, taratibu, kama anavyorudisha mtu kitu alichokuta si chake.

“Nipunguze nini, Baba Vero? Uniambie kile nipunguze, nitapunguza.”

Nikamwambia asipite tena mbele ya depo. Nikamwambia avae koti langu la kazi juu ya kitenge. Nikamwambia, Mungu anisamehe, asile uani, ale ndani. Wewe ulikuwa unatazama sahani yako. Tangu siku ile mama yako hakula tena mahali ninapomwona, na haikupita muda nikaona na wewe umeanza kusema umeshiba kabla sahani haijafika.

Wale vijana walimpima mara moja, barabarani. Mimi nilimpima kila siku, mezani pake.

Baadaye walikuja kupaka alama kwenye milango ya watu wa Kasai. Kwetu walikuja kwa heshima, kwa sababu yangu.

“Baba, weye bakia. Mutoto naye abakie kama unataka. Ule mama aende kwabo.”

“Kwetu ni wapi?” mama yako akauliza. “Mi nilizaliwa hospitali ya hapa. Munionyeshe kwetu, niende.”

Wakapaka alama yao mlangoni. Tukabeba sanduku wote watatu, tukaja hapa kwenye gare, tukakuta mji mwingine wa watu waliokaa juu ya mizigo yao wakingoja treni isiyokuja. Unajua tulivyoishi. Watu wa kanisa walikuwa wanaleta uji, na tulipanga mstari. Aliyekuwa anagawa alikuwa kijana wa Kasai, mtoto wa mwalimu, amefukuzwa kama sisi. Zamu ya mama yako ilipofika akashusha upawa.

“Mama, weye uko na akiba,” akasema. “Tuachie kwanza hawa ba mifupa.”

Nikategemea watu wa mstarini wamtetee. Wote walikuwa wamefukuzwa kwa tusi moja na yeye. Lakini wakasema ndiyo, kijana anasema kweli, na mmoja akamgusa bega ili asogee. Mama yako akatabasamu, akasogea. Kesho yake hakupanga mstari. Nilimpa wangu, akasema ameshiba, na mimi nikamwamini, kwa sababu na mimi, Vero, bado nilikuwa naamini macho yangu. Nilimtazama nikaona mtu mnene, nikasema moyoni: huyu atavumilia kuliko sisi.

Kisha miguu yake ikaanza kujaa. Uso nao ukajaa, macho yakawa madogo. Watu walikuwa wanapita wakisema, “Angalia, hata hapa ananenepa! Anafichaka chakula wapi?” Siku uliyokwenda kuteka maji mbali, ile ambayo bomba la hapa lilikauka, nilimpeleka kwenye hema la wagonjwa. Alikuwa anahema kwa shida. Muuguzi hakumgusa. Alimtazama kutoka juu mpaka chini, kisha akaniambia mimi, kana kwamba mama yako hakuwapo:

“Huyu haiko mugonjwa. Huyu, njaa itamusaidia.”

Haya sikuwahi kukuambia. Tulitoka. Njiani alinishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, “Baba Vero, mi niko na njaa.” Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema hivyo tangu ile siku ya tonge.

Nilimkalisha chini, nikaukamata mguu wake na kuubonyeza kwa kidole gumba. Nilipoondoa kidole, shimo likabaki. Nilikuwa nimeliona shimo lile utotoni, kule kwetu, mwaka ambao mihogo ilioza, kwenye miguu ya watoto waliokuwa wakivimba na watu wasiojua wakiwaona wamenawiri. Yalikuwa maji. Mama yako alikuwa anakufa njaa mbele ya watu wote, na watu wote walikuwa wanamwona ananenepa.

Nikarudi hemani nikapiga kelele mpaka akaja sista mmoja mzee. Akabonyeza kama nilivyobonyeza, akabaki ametazama lile shimo.

“Mama huyu hajala tangu lini?” akaniuliza.

Tulikuwa tunalala mkeka mmoja, na sikujua. Nilikuwa nimemfundisha kujificha, na alijifunza vizuri. Ni jirani wa mkeka wa pili aliyejibu, akasema kila alichopata mama yako alikitia kwenye bakuli lako ukiwa umegeuka, au alimpa yule mwanamke mwenye mapacha.

Usichukue neno hilo ukalifanya mzigo. Nimefikiri sana kama nikuandikie au nisikuandikie. Hukumla mama yako. Ulikuwa mtoto mwenye njaa, na yeye alikuwa mama, na hilo lilikuwa lake kulifanya. Waliomnyima ni wenye upawa, wenye dawa, na mwenye meza.

Sista alileta maziwa, akayatoa kidogo kidogo kwa kijiko. Yalikuwa yamechelewa. Yaliyobaki uliyaona mwenyewe; alipokata roho asubuhi ile, kichwa chake kilikuwa juu ya mapaja yako, na mimi nilikuwa nimemshika miguu, nikiisugua, kwa sababu alisema ina baridi.

Kuna jambo la mazishi ambalo nataka ulijue kutoka kwangu. Wanaume waliokuja kusaidia walisimama kando wakinong'ona, na mmoja akasema watatakiwa watu wanane, tena wenye nguvu, nguvu itatoka wapi kwenye njaa hii. Mjomba Kabongo alisikia. Akawaambia waende zao. Tukambeba mama yako sisi wenyewe: Kabongo, mimi, na wanawake wa mikeka ya jirani, yule mwenye mapacha akiwa mbele. Tulijiandaa kwa mzigo mkubwa. Tukavuta pumzi, tukainua kwa nguvu nyingi mno, karibu mkeka ututoke mikononi. Alikuwa mwepesi, Vero. Tulitazamana. Mjomba wako, ambaye hakuwa amelia, akalia pale.

Sasa unaondoka. Umeniuliza mara nyingi kwa nini tusiende wote, na nimekujibu kwa kifupi, kama kawaida yangu. Huko Kasai mnakokwenda kuna watu wengi waliofika wakiwa wamezika njiani, na mtu wa kabila langu akishuka nao kwenye treni, mjomba wako hataweza kunilinda. Alinieleza hilo kwa aibu, na nilimwelewa. Ndugu zangu wa Musumba nao walituma neno kwamba mimi nirudi, ila mtoto wa yule mama abaki alikotoka. Sitarudi kwao. Na Kolwezi huwezi kubaki. Juzi kule Manika wale vijana walikuona, wakasema kwa lile neno lao la wadudu, “Kale kalulu kamefanana na mama yake.” Ndivyo ilivyo, umefanana naye, sura, mikono na mwili. Nimepata chumba kwa mtu wa parokia, na fundi mmoja ameniambia kuna kazi za kuziba sufuria. Nitaishi.

Sijui watakupokeaje. Inawezekana wakakusifu, waseme Katanga ilikulisha vizuri, na bibi wazee wakakubana mashavu. Inawezekana wakakutazama vibaya, waseme huyu hakuteseka, angalia alivyo. Nimeishi upande wa wanaosifu na upande wa wanaocheka, na nakuambia ni watu walewale. Nilikuwa mmoja wao pande zote mbili. Anayekusifu mwili leo ameshashika mizani mkononi. Sisemi uwachukie. Wengi wao wanaumwa na kitu kingine, na mwili wa mtu ndio kitu kilicho karibu cha kukipiga.

Na atakapokuja mwanaume, akiwa anakuambia ongeza au akiwa anakuambia punguza, mwangalie vizuri anaongea na nani. Mimi niliyasema yote mawili kwa mwanamke yuleyule, na mara zote mbili nilikuwa naongea na watu wa nje.

Neno la kitambaa ulichojifunga sitaliamuru. Sina tena haki ya kukuambia ukifunge au ukifungue. Nakuomba tu kitu kimoja, na nakiomba kama mtu aliyekosa nafasi ya kukiomba kwa mwenyewe: ukiwa na njaa, sema. Sema kwa sauti, mbele ya watu, hata wakicheka. Mama yako alisema hivyo mara moja tu, kwa mnong'ono, na kwa mtu asiyefaa.

Nawaona mnarudi kule mwisho wa reli, wewe na mjomba wako. Unatembea umeinamisha kichwa, na mikono umeikunja mbele. Ngoja nimalize.

Kesho kutakuwa na kusukumana. Mabehewa ni machache, watu wamechoka kungoja, na najua kuna atakayekutazama na kusema kwamba unachukua nafasi ya wawili. Usijikunje. Usisimame juu ya vidole vya miguu kumridhisha. Mjomba wako alipokwenda kuandikisha majina nilisimama naye, nikaangalia kalamu ya yule karani. Kwenye jina lako aliandika mtu mmoja. Panda, utafute mahali, ukae kwa mwili wako wote.

Baba yako